Nyasi Chini ya Miguu ya Askari Wadogo

Hapana mwalimu wa Kiswahili ambaye hajapata kuifundisha methali isemayo kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Tunaiandika ubaoni, tunaeleza kwamba fahali ni wakubwa na nyasi ni wanyonge, tunawapa wanafunzi mfano mmoja au miwili, kisha tunaendelea na methali inayofuata. Ni mara chache sana tunapowauliza nyasi hizo zilikuwa za nani, ziliota katika ardhi gani, na ni nani aliyezitazama baada ya fahali kwenda zao. Katika makala haya tumekusudia kuliuliza swali hilo, nasi tutapita njia ambayo huenda ikawashangaza walimu wenzetu. Tutakitazama kitu kisichozidi upana wa sarafu, nacho ni kitako cha kisanamu cha askari wa mchezo.

Yafaa kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa haukuzoeleka kwetu. Katika nchi za Ulaya, Marekani na kwingineko wako watu wazima wengi ambao huburudika kwa kuvipanga visanamu vya askari juu ya meza na kupigana vita vya kuigiza. Visanamu hivyo ni vidogo. Vilivyo vya kawaida vina urefu wa milimita 15 au 28. Huendeshwa kwa kupima masafa kwa rula na kutupa dadu, kwa mujibu wa sheria zilizochapishwa vitabuni. Wako askari wa Kirumi, askari wa Napoleon, askari wa vita vyote viwili vya dunia. Na miongoni mwao, ndugu wasomaji, wamo askari wetu: wale waliopigana katika Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1914 hadi 1918, wa upande wa Waingereza na wa upande wa Wajerumani.

Tulipata siku moja kukishika mkononi kisanamu cha namna hiyo. Kilikuwa cha askari Mwafrika mwenye kofia, bunduki ameielekeza mbele, miguu yake mitupu. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko punje ya mtama, lakini ulikuwa na macho. Alisimama juu ya duara la ardhi lililotengenezwa kwa ustadi mkubwa: udongo, vijiwe viwili, na kichaka cha nyasi za kijani kibichi. Kusema kweli tulifurahi. Tulikigeuza huku na huku kama mtoto aliyeletewa zawadi. Baadaye, tulipokwisha kukirudisha mezani, furaha ile ilichanganyika na jambo jingine tusilolijua jina lake mara moja. Tulikuwa tumezitazama nyasi kwa muda mrefu kuliko tulivyomtazama askari, wala hatukuwa tumejiuliza lolote juu yake wala juu yazo.

Ndipo likazuka swali tunalolileta mbele yenu. Je, ni haki kuipamba ardhi ya vita? Na yule anayeitengeneza ardhi hiyo kwa mikono yake, japo ni kwa mchezo, anawiwa nini na watu walioikanyaga ile ya kweli?

Kabla ya kulijibu, hatuna budi kusema neno juu ya maneno. Tumekiita kitu hiki kitako, na tunaamini kwamba lugha yetu yenyewe ndiyo iliyotuchagulia. Chungu kina kitako, taa ya mezani ina kitako, bunduki ina kitako. Naye mtu akitulia chini husemwa amekaa kitako. Neno msingi lingefaa pia, ila msingi hufukiwa ardhini, na hiki chetu hakifukiwi; chenyewe ndicho kilichobeba ardhi. Jambo la pili ni kwamba visanamu vya zamani vilisubiwa kwa madini ya risasi, na mpaka leo vingi husubiwa kwa bati lililochanganywa na madini mengine. Katika Kiswahili jina la madini hayo ndilo jina la kitu kinachotoka mdomoni mwa bunduki. Lugha nyingine hutenga maneno hayo mawili. Yetu haikutenga, na mwanafunzi akiambiwa kwamba askari wa mchezo alitengenezwa kwa risasi, hana budi kufikiri mara mbili.

Sasa tueleze jinsi kitako kinavyotengenezwa, maana hoja yetu imo ndani ya kazi hiyo. Kisanamu cha metali hutoka kiwandani kikiwa na kipande chembamba miguuni, ambacho peke yake hakitoshi kukisimamisha sawasawa. Fundi hukigundisha juu ya kisahani cha plastiki, cha mbao iliyoshindiliwa au cha chuma, ambacho upana wake aghalabu ni milimita 25 hivi. Wako wanaotumia sarafu. Zile peni za Uingereza zilizotengenezwa tangu mwaka 1992 hupendwa kwa sababu nyingi zina chuma ndani na shaba nje, nazo hushikwa na sumaku zinapowekwa sandukuni kwa safari. Kisha hupakwa plasta kuzunguka miguu ili ngazi ndogo iliyo kati ya kipande na kisahani ifichike. Ngazi hiyo ikibaki, askari huonekana kama mtu aliyesimama juu ya sinia.

Plasta ikikauka, hupakwa gundi nyeupe, na juu yake hunyunyizwa mchanga. Fundi mwangalifu hatumii mchanga wa namna moja. Huchanganya ulio laini na changarawe, kwa kuwa ameitazama ardhi ya kweli na kuona kwamba chembe zake hazilingani. Mchanga ukishika, hupakwa rangi iliyokoza. Halafu brashi huchovywa katika rangi iliyo nyepesi zaidi, ikafutwa kitambaani mpaka ikaribie kukauka, ikapitishwa juu juu tu. Vilele vya chembe hupata mwanga, na mabonde yake hubaki na kivuli. Hurudia hivyo mara mbili au tatu, kila mara kwa rangi nyepesi kidogo, na mchanga uliokuwa umekufa huanza kuonekana kama udongo.

Mwishoni ndipo huja nyasi. Nazo ni nyuzi fupi za nailoni, urefu wake milimita 2 hadi 6. Zikimwagwa ovyo hulala. Kwa hiyo hutumiwa chombo kidogo kinachozitia umeme, nazo zikiangukia kwenye gundi husimama wima. Majani makavu yaliyoanguka huigizwa kwa vigamba vinavyopatikana pamoja na mbegu za mti wa Ulaya uitwao betula, ambavyo umbo lake hufanana na jani dogo. Wengine hutumia makapi ya majani ya chai yaliyokaushwa. Tulipolisikia hili la chai tulitabasamu. Huenda chai hiyo ilichumwa katika vilima vya Kericho, au Rungwe, au Rwanda, ikanywewa mbali, kisha makapi yake yakafanywa ardhi ya Afrika chini ya miguu ya askari wa Kiafrika.

Mtu atakayeisoma habari hii kwa haraka atasema kwamba huu ni upuuzi wa watu wenye nafasi. Sisi hatusemi hivyo. Saa nzima ya kuinamia duara la udongo, ambalo mpinzani mezani atalitazama kwa nukta mbili, ni saa ya uadilifu wa aina fulani. Watoto wetu nao wanalijua jambo hili. Wafinyangapo askari wa udongo, miguu huwa myembamba na askari huanguka. Basi mtoto hukanda bapa la udongo na kuikandamiza miguu juu yake. Tangu hapo huwa ametambua kwamba mtu hasimami kwa miguu yake tu, bali na kwa kilicho chini ya miguu.

Historia ya mchezo huu nayo ni historia ya namna watu walivyoifikiri ardhi. Mwaka 1812 Mprusi aitwaye Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wake meza yenye vigae vya plasta, ambavyo juu yake vilifinyangwa vilima, mito na barabara. Mwanawe, Georg Heinrich, alichapisha sheria zake mwaka 1824, akaviacha vigae na kutumia ramani. Na makamanda wa Prussia wakauchukua mchezo huo kuwafundishia maofisa wao. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kusubu askari wa risasi wenye uwazi ndani, wakawa rahisi kununuliwa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1913, mwandishi H. G. Wells alichapisha kitabu chake Little Wars, kilichowapa raia wa kawaida sheria za kuchezea askari hao sakafuni. Mizinga yake ya mchezo ilirusha vijiti, na askari aliyeangushwa alihesabiwa kuwa amekufa. Kwa hiyo katika mchezo wa Wells kitako ndicho kilichokuwa uhai: aliyesimama alikuwa hai, na aliyelala alikuwa maiti. Wells mwenyewe aliutoa mchezo huo kuwa badala ya vita vikubwa, ambavyo aliviona kuwa ni upumbavu. Mwaka mmoja baadaye vita vikubwa vilianza.

Baadaye kitako kilipata kazi nyingine, nayo ni ya kupima. Katika sheria ziitwazo De Bellis Antiquitatis, zilizochapishwa Uingereza mwaka 1990, askari wa milimita 15 hugundishwa kwa makundi juu ya vipande vyenye upana wa milimita 40. Wale wapiganao bega kwa bega huwekwa wanne katika kipande kimoja, na wale watupao mishale na mawe kwa kutawanyika huwekwa wawili. Hapo kitako hakionyeshi tu mahali alipo mtu. Kinasema anastahili nafasi kiasi gani duniani. Na asiyepewa kitako hayumo mezani, hata kama alikuwamo vitani.

Hapa ndipo tunapolifikia jambo lenyewe. Wachezaji wa mchezo huu hukosoana sana juu ya ardhi. Mmoja akimweka askari wa Tsavo juu ya majani mabichi kama ya malisho ya Uingereza, mwenziwe atamwambia kwamba amekosea: udongo wa kule ni mwekundu, na nyasi zake wakati wa kiangazi ni za rangi ya manjano. Naye atakubali, atakwangua, atapaka upya. Kisha watasema wote wawili kwamba sasa kitako ni cha kweli. Sisi tunauliza: ni cha kweli kwa habari ya nini? Ni cha kweli kwa habari ya rangi. Lakini nyasi zilikuwa na mwenyewe kama zilivyokuwa na rangi.

Tukumbuke vita vile vilikuwaje. Mwezi wa Novemba 1914 jeshi lililotoka Uhindi kwa amri ya Waingereza, idadi yake ipatayo watu 8,000, lilishuka Tanga, likapigana katika vichaka na mashamba na askari wapatao 1,000 wa jeshi la Wajerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Nyuki waliotibuliwa mizingani nao wakawavamia watu. Na siku chache baadaye jeshi lile likarudi merikebuni. Wachezaji hulipenda pambano hili, na si ajabu, kwa kuwa ni kisa cha kusisimua. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalipita Rwanda na Burundi, yakaingia Tabora mwezi wa Septemba. Vita vikaendelea hadi kusini, vikaingia Msumbiji na kutoka, mpaka Jenerali von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, nchini Zambia. Sisi tusomao jarida hili katika nchi hizi jirani hatuna haja ya kuitafuta ardhi hiyo ramanini. Tunaikanyaga kila asubuhi tuendapo shuleni.

Ni nani aliyeibeba vita hiyo? Barabara zilikuwa chache, na wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo. Kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilisafiri juu ya kichwa cha mtu. Pande zote kwa jumla zilichukua wapagazi waliohesabiwa kwa malaki, wengi wao kwa nguvu, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Msumbiji, Malawi na Zambia. Huko Malawi na Zambia waliitwa tengatenga. Walikufa kwa makumi ya maelfu, aghalabu si kwa bunduki, bali kwa kuhara damu, homa, njaa na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni majina yaliyotokana na lile kundi la wapagazi la Waingereza; kila siku maelfu ya watu huyatamka wakienda sokoni, bila kujua kwamba wanawataja marehemu.

Wala hawakuumia wapagazi peke yao. Majeshi yalikula. Katika nchi ya Ugogo nafaka na ng'ombe vilichukuliwa, vijana wakachukuliwa kubeba mizigo, ukame ukaongezeka juu yake, na njaa iitwayo Mtunya ikawaua watu wengi katika miaka ile ya mwisho ya vita na iliyofuata. Hizo ndizo nyasi za methali yetu. Shamba lililoliwa na jeshi linaweza kutengenezwa upya kwa mchanga na nailoni kwa usahihi wa ajabu, na bado lisiwe na mwenyewe, kwa kuwa fundi hakuambiwa kwamba alikuwako.

Tunajua kwamba hoja yetu itapingwa, na ni haki ipingwe. Pingamizi la kwanza ni kwamba huu ni mchezo tu, na mchezo usibebeshwe mzigo wa mazishi. Tunaukubali nusu ya ukweli huu. Mchezo una haki ya kuwa mchezo. Na sisi wenyewe tunao wetu. Katika bao la Kiswahili tunatekana, tunapokonyana nyumba, tunashangilia kushindwa kwa jirani. Lakini yafaa tutazame tofauti. Kete ya bao ni mbegu, haidai kuwa mtu. Haina uso wala nyayo. Tena katika bao hapana kete inayokufa: zote 64 hubaki mchezoni tangu mwanzo hadi mwisho, na iliyotekwa hupandwa upya upande wa aliyeiteka. Bao halitudai kumbukumbu kwa sababu halikuazima maisha ya mtu yeyote. Kisanamu cha askari wa Tanga kimeazima. Kimechukua sare ya mtu wa kweli, mwaka wa kweli na udongo wa kweli, na hata uzuri wake wote umetokana na ukweli huo. Basi aliyeazima hawezi kusema kwamba hadaiwi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatugusa sisi watu wa fasihi. Mtu anaweza kusema: kama ni vibaya kuipamba ardhi ya vita, mbona ninyi mnazifundisha tenzi? Katika Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka 1728, malenga wa pwani aliuvika vita vya mbali mapambo ya lugha, na ardhi aliyoieleza hakupata kuikanyaga. Naye Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga utenzi juu ya Vita vya Maji Maji kwa vina na mizani timilifu, katika habari ambayo ndani yake vijiji viliteketea. Vina na mizani ni nini, kama si nyasi zilizosimamishwa wima kwa ustadi? Pingamizi hili hatuwezi kulikwepa. Fundi wa visanamu na malenga ni ndugu; wote wawili huchukua kitu cha kutisha na kukipa umbo linalopendeza, na wote wawili huweza kusema kweli au kunyamaza ndani ya umbo hilo.

Kwa hiyo jibu letu kwa swali tuliloanza nalo si kwamba kupamba ni dhambi. Uzuri haukuwaumiza wapagazi. Kilichowaumiza baada ya kufa ni kuachwa nje ya hesabu, na jambo hilo laweza kufanywa kwa mikono mizuri kama kwa mikono mibaya. Tunasema kwamba anayeitengeneza ardhi ya vita anawiwa udadisi uleule alioutumia katika rangi ya udongo, ausogeze hatua moja zaidi: auulize udongo ulikuwa wa nani. Aliyegundua kwamba chembe za mchanga hazilingani ana macho ya kutosha kugundua hilo pia. Asipogundua, si kwa upungufu wa macho, ni kwa sababu sheria za mchezo hazikumpa mpagazi nafasi ya milimita 25.

Wala suala hili si la mezani tu. Mjini Dar es Salaam, mahali pajulikanapo na kila mkazi, pamesimama Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Kabla yake Wajerumani walikuwa wameweka mjini humo sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Wissmann alisimama juu, na chini, kwenye kitako, aliwekwa askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza waliiondoa; ikapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Katika sanamu iliyofuata askari alipanda juu, akashika bunduki yake. Na wapagazi je? Wao wametajwa katika maandishi ya kitako. Aliyekuwa chini alipopandishwa, palipatikana mwingine wa kuwekwa chini yake. Hata hivyo Nairobi, katika mnara uliozinduliwa mwaka uliofuata, mpagazi alisimamishwa juu pamoja na wapiganaji. Hivyo hatuwezi kusema kwamba jambo hilo halikuwezekana au halikufikiriwa.

Na deni hili si la kale lililokwisha kusamehewa. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na kwamba wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Tume iliomba radhi. Makaburi ya wapiganaji wa Ulaya yalikuwa yamepewa mawe yenye majina, na hawa walikuwa wameachiwa nyasi. Mtu akitaka kujua nyasi za methali ni akina nani, na atazame tofauti kati ya namba hizo mbili: watu zaidi ya laki mbili ambao hatuwezi kusema kama walikuwamo au hawakuwamo.

Tufanye nini basi? Kwa wachezaji hatuna amri ya kutoa, ila tuna ombi. Wengi wao huandika jina la kikosi chini ya kitako, upande usioonekana. Na waandike pia jina la mahali, kwa lugha ya wenyeji wa mahali hapo. Na mezani pao, pamoja na mizinga, wawepo wapagazi waliosimama juu ya vitako vyao wenyewe, wala wasihesabiwe kuwa mizigo. Fundi anayejua kusimamisha nyasi anaweza pia kulaza bua la mhindi uliokanyagwa. Hapo ardhi yake itazidi kuwa ya kweli, wala haitapungua uzuri.

Lakini sehemu kubwa ya deni ni yetu. Wachezaji wa mbali huweza kujitetea kwamba hawakujua. Sisi tunaishi juu ya ardhi yenyewe. Watoto wa wapagazi wale wamekwisha kuondoka karibu wote. Waliobaki ni wajukuu, nao ni wazee. Katika nyumba nyingi za Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, Malawi na Zambia lipo jina la babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na hakurudi, na jina hilo halimo katika daftari lolote. Limo kinywani mwa mzee mmoja tu. Sisi walimu wa Kiswahili tunayo nafasi ambayo hakuna tume iliyo nayo, kwa sababu tunawapeleka wanafunzi wetu nyumbani kila jioni wakiwa na kazi ya kuandika.

Safari nyingine tutakapoifundisha ile methali, tusiishie katika kueleza kwamba fahali ni wakubwa na nyasi ni wanyonge. Tuwape wanafunzi kazi ya kwenda kuwauliza wazee wao: ni nani katika ukoo wetu aliyechukuliwa katika vita vya Wajerumani na Waingereza, alichukuliwa akitoka wapi, na alibeba nini? Wengi watarudi mikono mitupu, na hilo pia tuliandike. Mmoja au wawili watarudi na jina. Jina hilo liandikwe ubaoni, chini ya methali, na mwanafunzi aliyelileta alisome kwa sauti mbele ya wenzake.